Tumaini Msibani: Namna ya Kushika Ahadi za Mungu Bila Kujidanganya

Kaa msibani dakika kumi tu, utazisikia zote. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." "Sisi tulimpenda, ila Mungu kampenda zaidi." Mtu anazisema akiwa ameshika mkono wa mfiwa, anaacha bahasha ya rambirambi, anasogea kumpisha aliye nyuma yake. Hana nia mbaya, ndiyo maneno aliyoyakuta kwa wazee wake. Lakini mama aliyetoka kumzika mwanawe wa miaka sita, akiambiwa kwa mara ya hamsini kwamba Mungu alimpenda zaidi, anaanza kumwogopa Mungu anayependa watoto wa watu kwa namna hiyo.

Mwongozo huu ni wa Mkristo aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, aliyepoteza nyumba kwa mafuriko au anayeuguza mtu asiyepona. Ni wa anayemhudumia pia: mzee wa kanisa, mwinjilisti, katekista, mwenyekiti wa jumuiya, jirani wa ukuta kwa ukuta. Msimamo wangu ni kwamba ahadi ya Mungu humbeba mtu pale anapojua imeahidi nini na haikuahidi nini. Aliyeshikilia neno ambalo Mungu hakulisema, siku lisipotimia atamwona Mungu mwongo, na hapo msiba wa pili unaanza juu ya ule wa kwanza.

Hatua nimezipanga kama msiba wenyewe unavyokuja. Nyingine unaweza kuzipitia haraka, ila ya tatu usiiruke.

Hatua ya kwanza: siku za mwanzo, mwili kwanza

Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amekimbia, amechoka, ameketi chini ya mretemu anamwomba Mungu amwondoe roho yake. Mungu hakumhubiria. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Swali la kumtaka ajieleze lilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini.

Misiba yetu ina chakula kingi, na bado mfiwa hulala njaa. Wali unaiva nje kwenye sufuria kubwa, wageni wanahudumiwa chini ya turubai, na mjane kakaa kwenye godoro chumbani, sahani imewekwa pembeni yake ikapoa, ikaondolewa. Kila mtu anadhani mwenzake amemlisha. Kwa hiyo kamati ya msiba ikigawana kazi, mtu mmoja apewe kazi ya mfiwa peke yake: uji asubuhi, maji ya kunywa, na kuuliza kuhusu dawa. Hilo la dawa ni kubwa. Mwenye presha au kisukari husahau vidonge vyake wiki nzima, kisha watu wanashangaa kwa nini ameanguka makaburini.

Simu yake ashike mpwa au binti anayeaminika, ajibu pole na kuandika majina. Mfiwa asisaini karatasi yoyote wiki hiyo, na asitoe uamuzi wa kuuza, kuhama wala kugawa nguo za marehemu. Kama hawezi kusali, asijilazimishe. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ibada ya jioni itaendeshwa na wengine, naye akae tu, au alale.

Hatua ya pili: mlalamikie Mungu, tena kwa maandishi

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kumlalamikia Mungu ni kukosa imani. Basi Biblia ina watu wengi wasio na imani, kwa sababu karibu theluthi ya Zaburi ni malalamiko. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini?" mara nne katika mistari miwili ya mwanzo. Zaburi ya 88 haina hata faraja mwishoni. Inaanzia gizani na kuishia gizani, na waliokusanya kitabu hawakuikata wala kuiongezea mstari wa kutia moyo. Yesu msalabani alipotafuta maneno aliyachukua kwenye Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Anayemnyamazisha mfiwa kwa jina la imani ajiulize kama angemnyamazisha na huyo.

Chukua daftari la shule, lolote. Fuata mpangilio wa Zaburi ya 13, ambayo ina mistari sita tu. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko, ya 3 na 4 ni ombi, ya 5 na 6 ni tumaini. Malalamiko yasiwe ya jumla. Usiandike "nina huzuni", andika kinachokuhuzunisha, kwa jina lake na saa yake. Ukurasa wa mjane mwenye watoto wawili unaweza kuwa hivi:

"Ee Bwana, hata lini? Mdogo bado anamwekea baba yake kiti mezani. Hata lini nitaamka saa tisa za usiku kuhesabu ada? Uliona lile basi likiacha njia, ukanyamaza. Sijui nifanye nini na kunyamaza kwako.

Naomba usingizi wa leo tu. Naomba maneno ya kumwambia mtoto kuhusu kile kiti. Naomba shemeji asirudi tena na habari za shamba.

Nimezitumainia fadhili zako. Leo sizisikii, ila nimeziandika."

Angalia mstari wa mwisho. Hauongopi. Hausemi kwamba machozi yameisha wala kwamba sasa kila kitu kinaeleweka. Kama siku hiyo huwezi kuuandika, ishia kwenye ombi, na kesho uanze tena kwenye malalamiko. Zaburi ya 88 inakuruhusu.

Ukipata nguvu ya kusoma zaidi, soma Maombolezo yote, siyo ile mistari miwili inayoandikwa kwenye kalenda. Kitabu kina sura tano. Maneno "rehema zake hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi" yako sura ya 3, katikati kabisa ya kitabu. Baada yake sura ya 4 inarudi kwenye njaa na watoto wanaoomba mkate, na sura ya 5 inaisha kwa kumuuliza Mungu kama amewakataa kabisa. Mwandishi aliona tumaini, kisha akaendelea kulia. Kwa hiyo ukiimba vizuri Jumapili na kulia Jumatatu hujarudi nyuma kiroho.

Hatua ya tatu: ikague ahadi kabla ya kuishika

Kila mstari unaopewa, uwe umetumwa kwenye simu, umeandikwa kwenye kadi au umetoka madhabahuni, uulize maswali matatu. Aliambiwa nani, wakati gani? Unaahidi nini hasa? Nini ambacho watu wanakisikia ndani yake lakini hakimo?

Anza na Yeremia 29:11, maana ndiyo inayotembea kuliko zote: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Tunaituma kwa anayetafuta kazi tukimaanisha kwamba mwezi huu ataipata. Sasa panda mstari mmoja juu. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Hii ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na wengi waliosikia ikisomwa wasingeishi kuiona siku ya kurudi. Sura ya 28 inaeleza kwamba nabii mwingine, Hanania, aliwaahidi watu huko Yerusalemu miaka miwili tu. Huenda Hanania alikuwa na wasikilizaji wengi zaidi. Yeremia aliwaambia neno gumu: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji huo mliopelekwa. Ahadi ile ni ya kweli, na inamfaa mtu asiye na kazi leo kwa sababu inamwambia kwamba Mungu hajamfuta kwenye mawazo yake, na kwamba anaweza kupanda mchicha hapo hapo alipo. Tarehe haikutaja ya kumfaa yeye.

Kisha kuna neno ambalo halimo kabisa: "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba." Watu hulitoa kwenye 1 Wakorintho 10:13, lakini mstari ule unazungumzia majaribu ya kutenda dhambi na mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo, Paulo huyo huyo anawaandikia Wakorintho hao hao, 2 Wakorintho 1:8, kwamba huko Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mstari wa 9 unaeleza alichofanya: akaacha kujitumainia nafsi yake, akamtumainia Mungu afufuaye wafu. Mwambie mfiwa hivyo. Mwambie mzigo umemzidi, maana ni kweli umemzidi, na watu wanakuja kuubeba pamoja naye.

Warumi 8:28 nayo isomwe taratibu. Inasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Haisemi kila jambo ni jema. Ajali ya barabarani iliyosababishwa na dereva mlevi ni uovu, na iitwe hivyo. Hapa ndipo "kazi ya Mungu haina makosa" inapokosea adabu, kwa sababu inampa Mungu kazi iliyofanywa na mlevi.

Halafu kuna ahadi za ulinzi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kufika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walikufa. Baada ya siku mbili, fundi mitambo mmoja alitolewa ndani ya kivuko akiwa hai. Sasa mchukulie mtu wa Ukara aliyempoteza mke siku ile, umsomee Isaya 43:2: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe, na katika mito, haitakugharikisha." Atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama mkewe hakuwa na imani ya kutosha.

Jibu lisiwe la mzunguko. Neno lile la Isaya liliambiwa taifa la Israeli, kwamba maji na moto havitalifuta katika njia ya kutoka utumwani. Kiini chake ni "nitakuwa pamoja nawe", na hicho ndicho anachoweza kukishika. Ona tena Matendo 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga mstari wa 2, na sura hiyo hiyo malaika anamtoa Petro gerezani. Wote wawili mitume, kanisa moja. Luka anayaandika yote mawili wala haelezi kwa nini. Waebrania 11 inafanya vivyo hivyo: wengine walifunga vinywa vya simba, wengine walikatwa kwa misumeno, na wote wameshuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Aliyeopolewa hakumzidi imani aliyezama. Na kumbuka ni nani aliyemnukulia Yesu Zaburi ya 91, ile ya malaika kumchukua mikononi asijikwae mguu katika jiwe. Soma Mathayo 4:6. Mstari ulikuwa sahihi, na aliyeutumia vibaya alikuwa Ibilisi.

Baada ya kuondoa yasiyokuwepo, yanabaki machache, na yote yana uzito. Uwepo wake: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa" (Waebrania 13:5). Ukaribu wake kwa aliyevunjika moyo (Zaburi 34:18). Rehema ya leo, siyo ya mwaka mzima (Maombolezo 3:22-23). Kwamba hakuna kitu, hata mauti, kitakachotutenga na upendo wake (Warumi 8:38-39). Ufufuo, alioutangaza Yesu kwa Martha wakati Lazaro, ndugu yake Martha, akiwa kaburini siku ya nne (Yohana 11:25). Haki kwa waliodhulumiwa (Warumi 12:19), na siku ambayo mauti haitakuwapo tena, wala maombolezo, wala kilio (Ufunuo 21:4). Yesu naye hakuficha upande wa pili: "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo, mimi nimeushinda ulimwengu" (Yohana 16:33). Hiyo dhiki nayo aliisema wazi, ila sijawahi kuiona imebandikwa kwenye kioo cha daladala.

Ishara moja ya haraka ya kutambua ahadi ya bandia: ina bei. Mtu akikuambia muujiza wako unasubiri upande mbegu ya shilingi laki mbili, au mafuta yake ndiyo yatakayovunja msiba katika ukoo, funga mlango.

Hatua ya nne: chagua moja, kaa nayo

Usijaze ukuta mistari. Mtu mwenye majonzi hasomi, anapitisha macho. Chagua ahadi moja inayogusa kile hasa kinachokuuma. Kama ni usiku mrefu, Zaburi 34:18. Kama umedhulumiwa na moyo unawaka kisasi, Warumi 12:19. Kama ni kaburi lenyewe linalokutesa, Yohana 11, usome sura yote, uone kwamba Yesu alijua atamfufua Lazaro na bado akalia.

Iandike kwa mkono wako, uiweke pale ambapo huzuni hukukuta, siyo pale panapopendeza. Kwa wengine ni ndani ya kabati marehemu alimoacha nguo zake, kwa mwingine ni kwenye dashibodi ya bodaboda. Isome kwa sauti asubuhi kabla ya kushika simu, na usiku kabla ya kuzima taa. Mtu wa nyumbani asome nawe, mtoto hata. Kaa nayo mwezi au zaidi. Ikiwa siku fulani inakukera, rudi kwenye daftari la hatua ya pili, uandike kwa nini inakukera.

Hatua ya tano: swali la "nani kafanya?"

Huku kwetu swali hili hufika msibani kabla ya jeneza. Nani alimkamia? Mbona gari lilipinduka siku aliyogombana na baba mdogo? Kuna anayenong'ona jikoni, kuna anayejua mganga wa kutazamia, na kabla ya kuanua tanga ukoo umegawanyika. Mkristo naye hayuko salama. Akikataa uchawi, huenda akahamia upande wa pili na kutafuta dhambi: alikuwa na madhabahu za ukoo, alivunja nadhiri, hakutoa fungu la kumi.

Yesu aliulizwa swali la namna hii. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Alijibu kwa neno moja: sivyo. Kisha akawageuzia wenyewe, watubu. Kwa mtu aliyezaliwa kipofu, Yohana 9, wanafunzi walimpa mambo mawili achague, yeye au wazazi wake, naye akayakataa yote mawili.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, ya kwanza ya Majilio kwa makanisa yanayofuata kalenda hiyo. Asubuhi ile tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mvua kubwa zilikuwa zimeulainisha mlima hadi sehemu yake ikaporomoka. Katika nyumba zilizosombwa kulikuwa na waombaji na wasioomba, na katika zilizobaki vilevile. Atakayesimama Katesh na kusema waliokufa walikuwa na hatia zaidi, amebishana na Luka 13.

Cha kufanya ni kumpa mmoja wa wazee wa ukoo, mwenye kusikilizwa, kazi ya kulizima swali hadharani. Aseme siku ya kikao cha familia: kilichomuua ndugu yetu tumeambiwa na daktari, au tumeambiwa na polisi, na hatutakwenda kuuliza kwingine. Akisema hivyo mzee, maneno ya jikoni hupungua nguvu. Akisema kijana wa kanisa, watamwambia amesoma sana. Na pale ambapo kuna uzembe wa kweli, wa dereva au wa mwenye chombo, ufuatwe kwa sheria. Imani haimzuii mtu kufungua jalada.

Hatua ya sita: turubai likishaondoka

Viti vya plastiki vinahesabiwa, sufuria zinarudishwa kwa wenyewe, wa safari wanapanda mabasi. Usiku ule ndipo msiba unapoanza kwa mwenye nyumba. Wakati huo ahadi ya "sitakuacha" inahitaji miguu ya watu, vinginevyo inabaki wino.

Rafiki zake Ayubu hukumbukwa kwa ubaya, lakini siku saba za mwanzo walifanya vizuri kuliko wengi wetu. Ayubu 2:13 inasema waliketi naye chini, mchana na usiku, wala hapana aliyesema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu. Waliharibu walipoanza kueleza.

Kwa anayehudumu, panga zamu za miezi mitatu, hata kama mna watu wanne tu katika jumuiya. Nenda siku ya kazi, saa kumi jioni, siyo Jumapili mkiwa kundi. Usiulize "unahitaji nini?", maana atajibu hana shida. Sema, "Mama, kesho nakwenda gulioni, nikuletee sukari na nini?" au "Shemeji, Jumamosi nakuja na kijana wangu tupalilie ule upande wa chini." Mtaje marehemu kwa jina. Watu huogopa kumtaja wakidhani wataamsha kilio, wakati mfiwa anachoogopa ni kwamba mwenzake ameshasahaulika. Ukiwa huna la kusema, sema "pole", ukae. Na ukitaka kusoma Neno, soma ile ahadi moja aliyoichagua mwenyewe, usilete nyingine.

Kwa mfiwa nakushauri hivi: chagua watu wawili tu ambao unaweza kuwaambia ukweli, hata ule wa kwamba leo sikuomba na sitaki kuomba. Mmoja awe mwanamume au mwanamke mwenzako wa umri wako, mwingine mtu mzima wa kanisa asiyetoa siri. Mchungaji au padre ana waumini wengi na huenda asirudi kwako mpaka umwite. Mwite.

Kuna mambo ambayo maombi peke yake hayajapewa kazi ya kuyatibu. Ukikaa wiki kadhaa bila usingizi wa maana, ukasikia sauti, ukaanza kutafuta faraja kwenye pombe kila siku, au ukafikiria kujiua, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, useme hivyo hivyo bila kuficha. Kama ni wewe unayemwona mwenzako katika hali hiyo, mpeleke leo, usimwache peke yake, na uondoe sumu ya mifugo au ya shambani ndani ya nyumba. Malaika hakumwambia Eliya aache kula kwa sababu ni nabii. Hivyo hakuna ubaya wa nabii kumeza vidonge.

Hatua ya saba: panda bustani

Hii ni fupi. Mateka wa Babeli waliambiwa wajenge na wapande wakiwa bado wanalia, na ndiyo njia ya kuishi ndani ya ahadi ya muda mrefu. Fanya jambo moja la kesho kila wiki: cheti cha kifo, barua ya shule kuomba kulipa ada kwa awamu, kikao cha mirathi chenye maandishi na mashahidi, mbegu za msimu. Mjane anayedai haki yake mahakamani hajakosa imani. Luka 18 ina mjane aliyemchosha kadhi mpaka akapewa haki yake, na Yesu alimtumia kufundisha juu ya kuomba bila kukata tamaa.

Hatua ya nane: tarehe

Mwaka ukizunguka, mwili hukumbuka kabla ya akili. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mtu anakuwa mkali, halali, hajui kwa nini. Jiandae mapema. Mwanza hadi leo tarehe 21 Mei ina uzito wake, siku MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 na kuchukua mamia ya watu, ambao wengi walizikwa pamoja Igoma. Wako walio na wajukuu sasa, na siku hiyo bado hawapiki kama siku nyingine.

Amua kabla utafanya nini siku yako: kwenda kaburini na kulipalilia, kutoa shukrani kanisani, kula chakula alichokipenda, au kukaa kimya nyumbani. Lolote ni sawa, ila lisikukute hujaamua. Fungua daftari lile, usome kurasa za mwanzo, uandike ukurasa mwingine kwa mpangilio ule ule wa Zaburi ya 13. Kama malalamiko bado ni marefu kuliko tumaini, yaache yawe marefu.

Na kama aliyefiwa ni jirani yako, iweke tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu yako sasa hivi. Siku ikifika mpigie kabla ya saa nne asubuhi, umtaje marehemu kwa jina, na umwulize utapita saa ngapi.